Vumbi la Uwanja Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nifagie. Liwekeni hilo akilini, maana habari hii inaanzia kwenye ufagio.

Kituo cha hali ya hewa cha Masasi wakati ule kilikuwa vyumba viwili vya bati na kiwanja kilichozungushiwa waya. Mimi nilikuwa mke wa mtu, mtoto mgongoni, shule nimeishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Nilikuja na ufagio wangu wa vijiti kutoka nyumbani kwa sababu sikujua kama serikali ina mifagio. Mkuu wa Kituo alikuwa mzee mrefu, mkavu, anayevaa koti hata jua likiwa la kuchoma. Aliniangalia, akauangalia ufagio.

"Unaitwa nani?"

"Mama Zuhura."

"Sikukuuliza mwanao. Nimekuuliza wewe."

Nikamtajia jina langu. Akaliandika. Tangu siku hiyo mpaka alipostaafu hakulitamka hata mara moja. Aliniita Mama Zuhura kama watu wote.

Akanizungusha kiwanjani. "Kisanduku hiki cheupe chenye miguu ni nyumba ya vipimajoto. Usitie mkono. Kopo hili linakusanya mvua tuipime. Usilioshe. Wa kabla yako aliliosha kila asubuhi, akamwaga mvua ya msimu mzima. Na chini ya vyombo vyangu nisikute hata jani. Siku nikikuta jani, jioni utalala kwenu Mnyambe."

Hakukuta jani. Nilifagia pale miaka, asubuhi na mapema, kabla wapimaji hawajaja. Ninyi mnaoanza kazi leo mnaona kufagia ni kazi ya mtu asiye na kazi. Haya. Mimi kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha nyingine zote, kwa kuwa mfagiaji yupo muda wote na hakuna anayemwona. Nilikuwa nawasikia wapimaji wakisoma namba kwa sauti, na mimi nikizisoma kimya kimya nyuma yao.

Siku moja Mkuu alinikuta nimesimama na ufagio naangalia mbali.

"Unaangalia nini?"

"Mlima, mzee."

Masasi ina ile milima ya mawe iliyosimama kila mmoja peke yake. Asubuhi hiyo ilikuwa kiangazi, watu wanachoma mashamba, hewa nzito kama maji ya kuoshea mchele.

"Mlima wenyewe unauona," akaniuliza, "au unajua tu kwamba upo?"

Nikaangalia tena. Kusema kweli nilikuwa sioni kitu. Nilikuwa nautazama mahali nilipozoea kuuona. Nikamwambia, "Sioni, mzee. Najua upo."

"Basi andika hauonekani. Kazini hapa tunaandika tunachokiona. Tunachokijua kila mtu aende nacho kwake."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kupima upeo wa kuona. Hauhitaji mashine. Unachagua alama ambazo umbali wake umeshapimwa: mnara, mlima wa karibu, mlima wa mbali. Alama ya mwisho unayoiona ndiyo upeo wako wa siku hiyo. Halafu unasema kilichoziba ni nini. Ukungu wa maji unalowesha nguo na jua likipanda unaondoka. Utusitusi wa vumbi na moshi ni mkavu, unakaa mpaka jioni, na unalifanya jua liwe jekundu hata unaweza kulitazama bila kufumba macho. Nilijifunza, nikapewa kalamu, nikaitwa Msaidizi wa Mpimaji. Ufagio sikunyang'anywa. Nilibaki na vyote viwili.

Mume wangu alifariki tukiwa Masasi. Mwaka uliofuata nikapewa uhamisho kwenda Newala, nikapanda na Zuhura, ambaye alishakuwa binti mkubwa, na mama mkwe wangu, ambaye hakuwa na mtoto mwingine wa kumtunza. Tulipewa nyumba ya kazi, ndani ya kiwanja cha kituo chenyewe. Mlango wangu na vyombo vilitazamana.

Newala iko juu. Asubuhi ni baridi, upepo haukatiki, na ukisimama ukingoni kule Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma chini na ng'ambo yake Msumbiji. Udongo ni mwekundu na mwepesi. Maji ndiyo shida. Watu wa chini hawalijui hilo. Kwingine mwanamke ananyunyizia uwanja maji kwanza ndipo afagie, vumbi lilale. Kwetu maji yanapandishwa kutoka bondeni kwa kichwa na kwa baiskeli. Ukionekana unamwagia mchanga watu watadhani umerukwa na akili. Tunafagia pakavu. Na tunafagia kweli. Uwanja wa mwanamke wa huku ukikutwa na jua haujafagiwa, mwenye nyumba anaulizwa kama anaumwa.

Mama mkwe wangu alikuwa akiamka kabla ya adhana. Kama hajasikia ufagio anaita kutoka ndani.

"Mama Zuhura! Leo tunaishi kaburini?"

"Naamka, mama."

"Unaamka kila siku. Fagia sasa."

Yule mama na Mkuu wangu wa Masasi hawakuwahi kuonana, lakini mimi nilikuwa kama nimefungwa kamba na wote wawili.

Kisha akaja Mtaalamu. Namwita hivyo kwa sababu ndivyo barua ilivyosema: Mtaalamu Mkuu wa mradi wa vumbi. Alikuwa kijana wa umri wa kuzaliwa na mimi, ametoka Dar es Salaam na gari lililojaa masanduku. Akanipa shikamoo vizuri, nikamwitikia marahaba, na kwa hilo tu nikampenda. Alileta pampu mbili za kunyonya hewa. Moja ilifungwa Masasi, juu ya paa la zege la ofisi. Nyingine ililetwa kwetu, ikasimamishwa juu ya kigoda cha chuma kati ya mlango wangu na uzio, ili niweze kuilinda.

Nilimuuliza ya nini.

"Mama, huko kaskazini kuna majangwa. Upepo ukiyapiga, vumbi lake, laini kuliko sembe, linapanda juu sana. Linasafiri siku nyingi. Linawashukia watu ambao hawajawahi hata kumwona ngamia."

"Likiwashukia linawafanya nini?"

"Chembe kubwa zinaishia puani, unapenga, yamekwisha. Zile ndogo zinashuka mpaka mwisho wa mapafu na hazitoki. Mwenye pumu, mtoto, mzee, hao wanaumia. Tunataka kujua kiasi gani kinafika huku."

"Lakini mshale wa upepo hapa unaonyesha kusini. Jangwa lenu umesema liko kaskazini."

Akacheka, si kwa dharau. "Huo ni upepo wa chini, mama, unaopeperusha kanga. Juu kuna mwingine."

Yeye ndiye aliyesoma.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya pampu unaweka karatasi ya chujio, nyeupe, ya duara. Pampu inanyonya hewa usiku na mchana, vumbi linabaki kwenye karatasi. Saa moja asubuhi unaitoa kwa kibanio, maana kidole kina jasho na jasho lina uzito. Unaitia kwenye bahasha, unaandika siku, saa, upepo na upeo wa kuona, unaweka karatasi mpya. Bahasha zinapanda basi kwenda Dar, huko karatasi inapimwa kwenye mizani. Ilipimwa kabla ya kuja, inapimwa tena ikirudi, kilichozidi ni vumbi. Walipima uzito tu. Hawakuangalia rangi.

Mimi niliitunza ile pampu kama mtoto mchanga. Kila alfajiri nilikuwa nafagia kiwanja chote, na chini yake nafagia mara mbili, ndipo naifungua. Nilitaka karatasi mpya ikikaa pale isikutane na uchafu. Nilijiona mwangalifu.

Mmeshaelewa? Mimi ilinichukua misimu.

Matokeo yakatoka. Karatasi za Newala zilikuwa nzito kuliko za Masasi, kila mwezi, bila kukosa. Mtaalamu alikuja amefurahi. Alitukusanya ofisini akachora ubaoni: Masasi chini, Newala juu, na mshale mrefu unaotoka kaskazini, unapita juu ya Masasi na kuigonga Newala kwenye paji la uso. Akasema vumbi la jangwani linasafiri juu, kwa hiyo walio juu ndio wanaolipokea. Ilipendeza kusikiliza. Akanigeukia mbele ya watu wote: "Bila mikono ya mama huyu tusingejua." Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama mkwe. Akasema, "Vizuri. Lakini kule kwenye kona umeacha majani."

Zuhura alikuwa ameolewa kijiji cha Mkunya, hapo hapo Newala, kwa mtu mwenye mikorosho. Sasa ninyi wa mjini mnajua korosho ikiwa imeshakaangwa. Mkorosho ukianza kutoa maua unaingiwa na ubwiri unga, ugonjwa unaofanya maua yawe kama yamemwagiwa majivu, yanakauka. Dawa yake ni salfa, unga wa njano unaonuka, unaopulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni. Inapulizwa alfajiri, majani yana umande, ishike. Upepo ukiamka, salfa inayobaki inakwenda kwa watu. Msimu wa salfa ukisimama barabarani asubuhi unaona wingu la njano linatoka shamba moja linaingia jingine, linapita shuleni, linapita kwenye nyumba.

Mume wake anapuliza, Zuhura anajaza mashine. Amejifunga kitambaa cha kanga usoni, basi. Msimu wa kwanza alikohoa mpaka korosho zilipoanza kuanguka. Msimu wa pili kikohozi kikakaa mpaka mvua. Wa tatu alikuja kwangu, nikamsikia kabla sijamwona. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi.

Watu wa Mkunya hawakuwa kimya. Walilalamika, ukaitishwa mkutano, na mimi nikaenda kwa sababu ya mwanangu. Afisa mmoja alisimama na karatasi. Akasema wananchi wasiwe na hofu, utafiti umefanyika hapa hapa Newala: vumbi kubwa tunalovuta linatoka mbali, majangwani, na kwa kuwa karatasi ni nzito hata miezi isiyo na salfa, salfa ndani yake ni sehemu ndogo sana. Kwa hiyo hakuna haja ya kubadilisha upulizaji.

Baba mmoja nyuma akapaza sauti. "Basi huyo jangwa mpelekeeni barua aache!"

Watu wakacheka. Zuhura alikuwa ameketi pembeni yangu. Alitaka kucheka akakohoa, akakohoa mpaka akainama. Aliponyanyuka alinishika mkono.

"Mama, si ndiyo kazi yako hiyo anayoisoma?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hili langu ni la jangwani?"

Nikamjibu, "Ndivyo walivyopima." Nililisema hilo kwa kiburi kidogo. Mungu anisamehe.

Msimu ule ule wa salfa mama mkwe wangu alifariki, pale pale kwenye nyumba ya kituo. Kwetu nyumba ya msiba haifagiwi mpaka tanga lianuliwe siku ya tatu. Ufagio ulilazwa nyuma ya mlango. Watu walilala uwanjani kwenye mikeka, wanawake wanatwanga, wanaume wamekaa. Lakini pampu haijui msiba. Kila asubuhi saa moja nilijifunika vizuri, nikaenda na kibanio changu, nikabadilisha karatasi.

Asubuhi ya kwanza baada ya mazishi karatasi ilitoka safi. Si safi kabisa; ilikuwa na wekundu kidogo wa miguu ya watu, na juu yake njano hafifu. Nilidhani pampu imeharibika. Nikaweka sikio, inanguruma. Asubuhi ya pili hivyo hivyo. Upepo ule wa siku zote ulikuwepo, tena mkali, turubai la msiba lilikuwa linapigwa mpaka watu wakalifunga mawe. Karatasi nyeupe, na njano. Nikaipeleka puani. Ilikuwa salfa.

Siku ya nne, tanga limeanuliwa, wageni wameondoka, nikachukua ufagio. Nikapiga mara ya kwanza. Nikaliona vumbi likinyanyuka, jekundu, taratibu, likaenda moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu kama moshi unavyokwenda dirishani.

Nilikuwa nimeshajua. Lakini yule mzee wa Masasi alinifundisha kwamba kujua hakutoshi. Nikaenda ndani, nikachukua karatasi mpya, nikaiweka. Nikafagia uwanja wote kama ninavyofagia siku zote, kona zote. Nikaitoa karatasi. Ilikuwa na rangi ya tofali. Vumbi la ufagio mmoja wa asubuhi lilikuwa limezidi lile la siku tatu za upepo.

Nikaandika daftarini: karatasi moja ya ziada imetumika, imewekwa kabla ya kufagia, imetolewa baada ya kufagia.

Sasa fikirini mtu wa darasa la nne katika hali hiyo. Nyumba niliyolala ilikuwa ya kazi. Kustaafu kulikuwa kumebaki kidogo. Mtaalamu alikuwa amesimama mbele ya wakubwa na ule mshale wake. Na kama ningerudi kufagia kama zamani, hakuna mtu duniani ambaye angejua. Niliwaza hivyo, siwadanganyi, siku mbili nzima niliwaza hivyo. Lakini kila nikiwaza nilikuwa nasikia kile kifua. Ufagio wangu uliweka vumbi jekundu jingi mno kwenye mizani, salfa ikaonekana si kitu. Nilikuwa nimemfukia mwanangu kwa mikono yangu, kila alfajiri, na kuandika saa na tarehe.

Mtaalamu alipokuja nilimwekea karatasi nne mezani. Tatu za msiba, ambazo sikuzipandisha basi, na moja ya ufagio. Nikamweleza.

Akaishika ile nyekundu kwa kidole, yeye mwenyewe aliyenikataza kidole.

"Mama, unajua ripoti hii imefika wapi?"

"Sijui. Najua imefika Mkunya."

"Siku tatu ni chache. Labda upepo ulipungua."

"Upepo upo daftarini. Niliuandika mimi."

"Masasi je? Masasi karatasi ni nyepesi."

"Masasi umeiweka juu ya paa. Nani anafagia paa?"

Aliweka mikono usoni. Nilimwonea huruma, alionekana kama mtoto aliyevunja chungu cha wenyewe. Halafu akasema taratibu, "Usifagie mpaka nirudi. Weka karatasi kama kawaida. Usifagie hata kidogo."

Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizopewa na serikali. Mwezi mzima na zaidi. Majani yakalala, maganda ya muhogo, kinyesi cha kuku wa jirani. Na msiba ulikuwa ndio kwanza umeisha. Mama Hadija, jirani yangu, mwanamke mwenye mdomo, akaja hodi.

"Hodi, hodi! Nimekuja kuona kama mngalipo. Nimetazama uwanja nikadhani mmehama."

"Nipo, karibu."

"Kumbe siku zote alikuwa anafagia marehemu! Na sisi tunakusifu wewe."

"Kazini wamenikataza kufagia."

"Serikali imekukataza kufagia?" Akashika kiuno. "Na kupika? Kupika wamekuruhusu, au tukuletee?"

Alicheka mpaka akaenda kuwaambia wengine. Nikabaki mlangoni natazama uchafu wangu. Kuna wakati nilisikia kabisa sauti kutoka ndani ikiuliza kama tunaishi kaburini.

Mtaalamu alirudi na matokeo. Bila ufagio, Newala na Masasi zilikaribiana. Ule mshale wake haukuwepo. Na safari hii aliangalia rangi kwa kioo cha kukuzia: asubuhi za msimu, kilichobaki kwenye karatasi kikubwa ni salfa. Akaniambia, bila kunitazama, "Ningeweza kuandika kwamba ilikuwa hitilafu ya mashine."

"Mashine haikukosea."

"Nikiandika ukweli utapewa barua ya onyo."

"Andika."

Akaandika, makosa yangu na yake. Alisema mwenyewe kwamba hakuwahi kuja pale alfajiri, kwamba hakuuliza, kwamba aliitazama namba akaupenda mshale. Nilipewa barua yangu ya onyo, nikaitia sahihi. Ninayo. Yeye alipewa nini sikuambiwa, ila mradi ulipewa mtu mwingine, na pampu ikahamishiwa juu ya paa.

Jangwa lenyewe, msije mkasema hakuna. Lipo. Baada ya hapo nililiona mara chache katika miaka niliyobakiza. Inakuja siku ambayo upepo wa chini umetulia, hakuna anayechoma shamba, salfa imeshakwisha, lakini bonde la Ruvuma limefutika, na mbingu ni ya rangi ya chai ya maziwa. Karatasi inatoka na unga wa kahawia iliyopauka, laini, haukwaruzi ukiusugua. Hilo limetoka mbali kweli. Linakaa siku moja, mbili, wenye pumu wanajaa zahanati, linaondoka. Kwa hiyo kijana hakuota. Alilitafuta la mbali kwa haraka mno, akalikanyaga la mlangoni.

Mkutano wa pili wa Mkunya ulifanyika. Afisa alikuwa mwingine. Alisoma mapya: wapulizaji wafunge pua kwa barakoa nzuri, watoto wabaki ndani mpaka wingu lishuke, mashamba yaliyopakana na shule yapulizwe shule ikiwa imefungwa. Wengine wanafuata, wengine hawafuati. Yule baba wa nyuma aliuliza jangwa limejibu nini barua yake. Mimi nilisimama nikasema ilikuwa ufagio wangu. Nililisema kwa sauti, nikakaa.

Njiani, tukiwa wawili, ndipo Zuhura akauliza.

"Kwa hiyo misimu yote ile ilikuwa wewe?"

"Ilikuwa mimi."

"Ungenyamaza nani angejua?"

"Ungeendelea kujaza mashine. Ungeendelea kukohoa."

"Kwani sasa sikohoi, mama?"

Tukatembea. Mashine aliiacha, kifua hakikumwacha. Daktari alisema kilichoshuka kimeshashuka.

Nimestaafu. Waliniandalia soda na pilau, Mkuu wa Kituo wa mwisho, binti mdogo mwenye shahada, akanipa kitenge na hotuba. Akaniomba niwaachie wenzangu neno. Nikawaambia waende wakaangalie vyombo vyao alfajiri, wakati ambao hakuna mkubwa anayefika, waone nani anafanya nini chini yavyo. Wakapiga makofi. Sijui kama wameenda.

Sasa naishi Mkunya kwa Zuhura. Nimechoka, macho yamepungua, goti moja halikunji. Lakini nimenunua daftari la shule na kila asubuhi naandika, mazoea hayaachi. Alama yangu ya kuonea siku hizi ni mnara wa simu. Uwanja naufagia mimi. Nyumba yake imezungukwa na mchanga mwekundu ule ule, na dirisha lake linatazama uwanja, kwa hiyo nanyunyizia maji kwanza. Maji bado yanapatikana kwa taabu. Zuhura ananigombeza, "Mama, hayo ni ya kuoga!" Namwambia nimeshaoga. Majirani wamezoea kuniita bibi anayemwagilia mchanga.

Leo nimeandika hivi: Upepo wa kusini, mdogo. Mnara hauonekani, jana ulionekana. Harufu ya salfa, upande wa shule. Zuhura amekohoa, akapumzika, akakohoa tena. Uwanja haujafagiwa. Nasubiri maji.